Mlisema Kila Mtu, Mkang'oa Kitufe

Kuna sentensi mbili ambazo nimekuwa nikizilinganisha kwa muda sasa. Zote mbili zimewahi kukaa juu kabisa ya ukurasa wa kwanza wa tovuti ya Rust, ile lugha ya kuprogramu. Ya zamani, nikiieleza kwa Kiswahili, ilisema hivi: Rust ni lugha ya kuandikia mifumo, inakimbia kwa kasi ya ajabu, inazuia segifolti na inahakikisha usalama wa nyuzi. Iliyoirithi inasema: kumwezesha kila mtu kujenga programu za kutegemewa na zenye ufanisi.

Ukisoma ile ya kwanza na hujawahi kuandika msimbo wa C, umeachwa mlangoni. Segifolti ndiyo nini? Ni pale programu inapogusa sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta isiyo yake, na mfumo unaiua papo hapo. Nyuzi je? Ni kazi kadhaa zinazoendeshwa sambamba ndani ya programu moja, na zikigombania kitu kimoja bila mpango, zinaharibiana. Yaani sentensi nzima ni orodha ya maumivu. Aliyewahi kuumwa anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, hapo umenigusa. Ambaye hajaumwa anaona tangazo la dawa ya ugonjwa asioujua. Ya pili haimtishi mtu. Ingekuwa kazi yangu hapa ni kuhakiki sentensi peke yake, ningewapa watu wa Rust maua yao na kwenda zangu kulala.

Lakini tovuti si sentensi, na ukurasa ulioshuka chini ya sentensi hiyo nzuri ulikuwa umepoteza kitu ambacho sijaacha kukililia.

Kwanza tarehe, kwa sababu zinaeleza mengi. Rust ilianza mwaka 2006 kama mradi wa mtu mmoja, Graydon Hoare. Mozilla wakaanza kuufadhili 2009, na toleo la 1.0 likatoka Mei 2015. Miaka mitatu baadaye lugha ilikuwa imekomaa kiasi cha kutaka nguo mpya. Tarehe 29 Novemba 2018 wakatangaza sura mpya ya tovuti, toleo la majaribio, watu waione na kutoa maoni. Tarehe 6 Desemba, siku ileile Rust 1.31 ilipotoka ikiwa imebeba kile walichokiita Rust 2018, sura hiyo ikawa ndiyo tovuti rasmi.

Hesabu mwenyewe. Ni wiki moja.

Wiki moja kwetu ni muda wa fundi wa nguo kukwambia rudi wiki ijayo. Huwezi kuuliza watu duniani kote maoni yao, uyasome, uyaelewe na uyafanyie kazi kwa siku saba, hasa kama siku ya kutoa toleo imeshapangwa na haisogei. Kilichotokea ni kile ambacho kingetokea popote: maoni yakamiminika, mengi kwa hasira, na waliojenga, ambao wengi wao walikuwa wanajitolea, wakajikuta wanajitetea badala ya kusikiliza. Mimi siwalaumu sana. Mtu akikuonyesha nyumba wakati lori la vitu vya kuhamia limeshaegeshwa nje, hakuulizi kama sebule imekaa vizuri. Anataka useme hongera.

Mengi katika malalamiko ya wakati ule yalikuwa ya juujuu tu. Rangi, kwa mfano. Ukurasa mpya ulikatwa kwa mikanda mipana ya kijani, zambarau na nyekundu, na watu waliandika juu ya zambarau hiyo kana kwamba imewatukania mama. Mimi naishi mjini ambako matatu inaweza kuwa na rangi tisa, picha ya mchezaji mpira, taa za buluu na mstari wa Biblia kwenye kioo cha nyuma, na bado inakufikisha kazini. Rangi hazijawahi kunizuia kupanda. Malalamiko mengine yalisema ukurasa umekuwa kama wa kampuni inayouza kitu: maneno mazuri, vichwa vikubwa, majina ya Firefox, Dropbox na Cloudflare yakitajwa kama mashahidi. Hilo lina ukweli kidogo, ila nalo halikuniuma. Mtu ambaye hajui Rust ni nini ana haki ya kuuliza ni nani mwingine anaitumia kabla hajaipa miezi sita ya maisha yake.

Lililoniuma mimi ni kitufe.

Ukurasa wa zamani, chini ya ile sentensi ya segifolti, ulikuwa na kisanduku chenye msimbo, na pembeni yake kitufe cha kuuendesha. Unabofya, msimbo unatumwa kwenye seva yao, unakusanywa huko na kuendeshwa huko, kisha jibu linarudi kwenye ukurasa wako. Hulipi. Hujiandikishi. Huwekewi chochote kwenye mashine. Na kisanduku kile hakikuwa picha, ungeweza kufuta, kuongeza, kuharibu, ukabofya tena.

Mwaka huo wa 2018 nilikuwa nasubiri kuingia chuo (ambacho baadaye nilikiacha, hiyo ni makala ya siku nyingine), na kompyuta niliyokuwa naitumia ilikuwa ya saiba, shilingi moja kwa dakika. Ukweli mmoja kuhusu kompyuta za saiba ni kwamba huwezi kuweka kitu. Ukijaribu, kinatokea kisanduku kinachodai nywila ya mwenye duka, na mwenye duka anakuangalia kama mwizi. Ukifanikiwa, kesho unakuta amefuta kila kitu. Kwa hiyo nilikuwa napita kwenye tovuti za lugha mbalimbali moja baada ya nyingine, na swali langu lilikuwa moja tu: hapa naweza kugusa kitu bila kuomba ruhusa ya mtu?

Rust ilijibu ndiyo. Msimbo uliokuwa pale ulikuwa rahisi, orodha ya salamu: Kiingereza, Kihispania, Kifaransa, Kijapani, Kikorea, Kirusi, Kiajemi na nyinginezo. Kila salamu ilifuatwa na maelezo, kwa lugha yake, kwamba msimbo huu unaweza kuhaririwa na kuendeshwa. Kiswahili hakikuwepo. Cha karibu zaidi kilikuwa سلام ya Kiajemi, ambayo ni ndugu wa salamu yetu kwa upande wa Kiarabu. Lakini si waliandika msimbo unahaririwa? Basi nikaandika "Habari" mwisho wa orodha, ndani ya alama za kunukuu, nikaweka mkato pale palipohitaji mkato, nikabofya. Habari ikatokea chini kabisa ya orodha, kwenye tovuti rasmi ya Rust, angalau kwenye skrini ile, kwa dakika zile nilizozilipia.

Sasa elewa kwa nini nasema kile kitufe kilikuwa na uzito kuliko ile sentensi mpya nzuri. Sentensi inasema kila mtu. Kitufe kilikuwa kinafanya kila mtu. Ukurasa mpya ulipofunguliwa Desemba, kisanduku cha msimbo hakikuwepo tena kwenye ukurasa wa kwanza. Mahali pake paliwekwa kitufe kikubwa cha kuanza, ambacho kinakupeleka kwenye maelekezo ya kuweka Rust kwenye mashine yako. Mashine yako! Kuiweka ni mamia ya megabaiti, na kwenye Windows inadai pia vifaa vya C++ vya Microsoft ambavyo peke yake vinakula gigabaiti kadhaa. Kwa mwenye waifai ya ofisi hiyo ni muda wa kuchemsha chai. Kwa anayenunua bando, hiyo ni bajeti.

Na hili ndilo linalonikera kuhusu namna maoni yanavyokusanywa. Wanaojibu ni waliomo ndani. Waliomo ndani wana laptopu, Rust wameshaiweka zamani, na mara ya mwisho walipobofya kile kitufe cha ukurasa wa kwanza ni miaka. Ndiyo maana katika kelele zile zote, hata waliolilia msimbo kurudishwa walitoa sababu moja: mtu anayechagua lugha anataka kuona sintaksia, ionekane inafananaje. Kuona tu. Kana kwamba ni picha ya nyumba kwenye gazeti. Aliyehitaji kuigusa, yule wa saiba, hakuandika maoni. Hakujua kuna maoni yanaulizwa. Angejuaje, ikiwa aliyoyajua kuhusu Rust yote ni dakika kumi na kitufe?

Ili niwe wa haki, waliojenga ukurasa mpya walikuwa na hoja, na si dhaifu. Ule mfano wa salamu haukuonyesha chochote kinachoifanya Rust iwe Rust. Orodha ya maneno na kitanzi cha kuyapitia, hiyo unaweza kuandika kwa lugha yoyote. Mgeni angeondoka akijua kwamba Rust inaweza kuchapisha maneno, asante sana. Badala yake ukurasa mpya ulimpa sababu tatu, kasi, kutegemeka na tija, kisha ukamwonyesha vitu vinne anavyoweza kujenga: programu za mstari wa amri, WebAssembly, huduma za mtandao, na vifaa vidogo vyenye kompyuta ndani. Hiyo nne ya mwisho naipenda kwa dhati. Lugha nyingi hukuambia zilivyo. Chache hukuuliza unataka kutengeneza nini.

Isitoshe, ukiweka msimbo kwenye ukurasa wa kwanza, jiandae. Waulize watu wa Haskell. Walipobadilisha tovuti yao mwaka 2015 waliweka kijimfano cha mistari michache kinachotoa namba tasa, kizuri kama shairi, na wakaandika humo neno chekeche, kwa heshima ya Eratosthenes. Wakajibiwa kwamba lile si chekeche la Eratosthenes hata kidogo, kwamba linafanya kazi tofauti na polepole zaidi, na kulikuwa na makala ya kitaaluma ya Melissa O'Neill ya kuthibitisha hilo. Jina likabadilishwa. Mistari michache tu, na watu wazima wakagombana! Namwelewa msanifu anayesema bora tusiweke msimbo kabisa.

Ila Python waliweka. Sura yao ya 2014 ina msimbo juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, na kitufe cha kufungua Python hai papo hapo kwenye kivinjari. Python ni lugha inayofunzwa watoto wa shule dunia nzima, na hakuna anayesema tovuti yake inaogopesha wageni. Kwa hiyo ule uchaguzi wa ama msimbo ama ukarimu, ati huwezi kuwa na vyote viwili, nani aliuleta? Mgeni haogopi msimbo. Anaogopa msimbo asioweza kuujibu.

Kuna hasara nyingine iliyopita kimyakimya zaidi. Tovuti ya zamani ilikuwa imetafsiriwa kwa lugha kadhaa, kazi ya watu waliojitolea. Ile mpya ilifunguliwa ikiwa na Kiingereza peke yake. Soma tena ile sentensi ya kila mtu, kisha jiulize ilikuwa inasomwa na nani siku ile. Tafsiri zilirudi baadaye, 2019, na sitaki kuonekana kama sijaona. Zilirudi kwa utaratibu bora kuliko wa mwanzo, Kihispania, Kijapani, Kirusi, Kireno, Kichina. Lakini mpangilio wa matukio unakwambia nani alikuwa akilini wakati wa kuchora. Kilichoachwa kiongezwe baadaye ndicho kilichohesabiwa si cha lazima. Kiswahili kwenye menyu ile sijakiona mpaka naandika haya, na hapa tofauti inanichoma kidogo. Kwenye kile kisanduku cha zamani, pengo la Kiswahili nililiziba mwenyewe kwa neno moja. Kwenye menyu ya lugha siwezi kubofya nikaandika. Lazima nijue ombi linapelekwa wapi, linaandikwaje, nani analipitisha. Pengo ni lilelile, ila la kwanza lilikuwa linaniita niingie.

Maoni yalisaidia? Kiasi. Tovuti ya zamani haikutupwa, ilihamishiwa anwani yake ya pembeni, ukitaka unaitembelea kama unavyokwenda kuona nyumba mliyokulia. Na baadaye kwenye menyu ya juu kikaongezwa kiungo cha Playground, ule uwanja wa kuandika na kuendesha msimbo kwenye kivinjari. Nashukuru, kwa dhati kabisa. Naitumia hadi leo kwa simu, nikiwa kwenye matatu, kidole gumba kikitafuta mabano yaliyofichwa kwenye kibodi ya simu. Lakini kiungo kwenye menyu ni cha mtu anayejua anachotafuta. Neno Playground peke yake halikwambii chochote. Mgeni anaweza kudhani ni michezo. Kile kisanduku cha zamani hukuhitaji kukijua. Kilikuwa pale umefika tu, kama kiti kilichovutwa kwa ajili yako.

Basi na mimi nitoe maoni yangu, hata kama wiki ile ilipita zamani. Sitaki ule mfano wa salamu urudi. Nataka kisanduku kirudi, chini ya sentensi ileile ya kila mtu, na ndani yake kiwekwe msimbo mbovu. Ndiyo, mbovu. Msimbo unaokataa.

Sababu ni hii. Kinachoitofautisha Rust si inachokuruhusu, ni inachokukatalia. Katika lugha hii kila kitu kina mwenyewe mmoja. Ukimpa mtu, umempa. Ukitaka kukitumia tena ilhali kimebaki chako, unatakiwa kukiazimisha, na kuna kanuni za kuazimisha. Kila aliyekulia kwenye ploti anajua tofauti hiyo vizuri kuliko profesa. Sufuria uliyoazimisha inarudi, hata ikichelewa. Sufuria uliyogawa, ukiifuata kwa jirani jioni ili upikie, utasikia maneno. Sasa ona:

fn main() {
    let sufuria = String::from("ya ugali");
    let jirani = sufuria;
    println!("{}", sufuria);
}

Sufuria imeundwa, ikagawiwa jirani, kisha mstari wa nne unataka kuitumia kana kwamba bado iko jikoni kwako. Katika lugha nyingi huu ni msimbo wa kawaida tu, au ni kosa litakalokuja kukuua saa nane usiku wakati wateja wanatumia mfumo wako. Katika Rust haufiki popote. Kompaila inasimama na kukueleza: hapa ndipo sufuria ilipoundwa, hapa ndipo ilipohama, hapa ndipo unapotaka kuitumia baada ya kuhama. Inaweka alama chini ya neno lenyewe. Kisha inapendekeza njia ya kutoka, kwa mfano utengeneze nakala kabla ya kugawa, na inakupa namba ya kosa, E0382, ukitaka kusoma zaidi.

Hiyo ndiyo Rust. Watu wanaweza kuandika vichwa vikubwa vya habari kuhusu kutegemeka mpaka wachoke, lakini mgeni aliyebofya mara moja, akakataliwa kwa adabu, akaongeza alama moja ya & kabla ya neno sufuria kwenye mstari wa tatu na kuona msimbo unapita, huyo ameshaelewa kitu ambacho hakuna sentensi ya ukurasa wa kwanza itakayomwambia. Na amekielewa bila kuweka kitu, kwenye mashine isiyo yake, kwa dakika zisizozidi nne.

Shilingi nne, kwa bei za saiba za wakati ule.